Mahakama Kongwe ya St. Louis: Nguzo, Kuba na Korido

Mtu alipokufa na kuacha madeni katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, miaka ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mahakama ya mirathi iliamuru mali yake inadiwe. Lilinadiwa shamba, akanadiwa farasi, ikanadiwa meza na saa ya ukutani, na wakanadiwa watu aliokuwa akiwamiliki. Pahala pa mnada palikuwa kwenye ngazi za mahakama yenyewe, mlango wa mashariki, unaotazama upande wa mto Mississippi.

Ndani ya jengo hilohilo, mtumwa aliyeamini kwamba anashikiliwa kinyume cha sheria aliweza kufungua shauri na kumshtaki bwana wake. Majalada ya mahakama ya mzunguko ya St. Louis yamehifadhi mashauri zaidi ya 300 ya namna hiyo, ya kuanzia 1814 hadi 1860. Kwa hiyo jengo moja liliwapokea watu waliokuja kudai nafsi zao, na likawatoa wenzao nje kwenda kupigiwa bei. Hakuna aliyelichora lifanye kazi hizo mbili. Lilizifanya kwa sababu sheria ya Missouri ilizitaka zote mbili.

Wenyeji huliita Mahakama Kongwe. Halisikilizi kesi tena. Ni sehemu ya hifadhi ya taifa inayolizunguka Tao maarufu la St. Louis. Tarehe 3 Mei 2025 lilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliogharimu dola milioni 27.5, likiwa limewekewa lifti kwa wageni wasioweza ngazi, na vyumba vipya vya maonyesho. Mwaka 2028 itatimia miaka 200 tangu mahakama ya kwanza ikamilike kwenye kiwanja hicho. Historia yake inaweza kusimuliwa kwa orodha ya majaji, na wapo walioisimulia hivyo. Mimi nitalifuata jengo lenyewe, maana jaji akistaafu jina lake husahaulika upesi, ila ukuta ukibomolewa hubaki na kovu.

Picha za jengo hili zinadanganya kidogo. Ukilitazama kwa mbali utadhani lilichorwa siku moja na kujengwa kwa mkupuo mmoja: mikono minne iliyotandazwa kama msalaba, nguzo mbele, pembetatu ya paa juu ya nguzo, na katikati kuba refu la kijani. Kila kitu kimekaa sawia. Kumbe lilijengwajengwa. Lilianzwa 1839 na kumalizika 1862, miaka 23, na katika muda huo lilipita mikononi mwa mafundi wakuu kadhaa, likavunjwa ubavu mmoja, likavuliwa kichwa na kuvikwa kingine, huku mashauri yakiendelea kusikilizwa ndani.

Kiwanja kilitolewa 1816 na watu wawili: Auguste Chouteau, aliyefika pale 1764 akiwa kijana wa miaka kama 14 pamoja na kundi lililoanzisha mji, na Jaji John Baptiste Charles Lucas. Walikitoa bure, ila kwa sharti: kitumike milele kuwa pahala pa mahakama ya kaunti ya St. Louis. Neno hilo “milele” tutakutana nalo tena huko mbele, likiwa limeshikwa na mawakili.

Mahakama ya kwanza, ya matofali, ilikamilika 1828. Walioichora ni Joseph Laveille na mwenzake George Morton. Huyo Laveille alipokuwa msimamizi wa barabara za mji ndiye aliyebuni utaratibu wa kuiita mitaa inayokwenda kaskazini na kusini kwa namba, na inayokwenda mashariki na magharibi kwa majina ya miti. Mpaka leo mahakama imekaa kati ya mtaa wa Nne na Broadway upande mmoja, na mitaa ya Market na Chestnut upande mwingine. Chestnut ni mti. Market ni soko, na soko limekataa kugeuzwa mti.

Matofali yale hayakutosha muda mrefu. St. Louis ulikuwa mji wa bandari ya mtoni. Meli za mvuke zilishusha watu kila siku. Hesabu ya watu ya 1840 ilikuta wakazi 16,469. Ya 1850 ilikuta 77,860. Mji unaokua kwa kasi hiyo huzaa kesi kwa kasi hiyohiyo: mipaka ya viwanja, mikataba, mizigo iliyozama, wosia, ugomvi wa baa. Ndipo 1839 msanifu Henry Singleton akapewa kazi ya kuchora mahakama kubwa. Mchoro wake ulikuwa wa mikono minne na ukumbi wa duara katikati, na ile nyumba ya matofali ingehifadhiwa iwe mkono wa mashariki. Ndoa ya kale na mpya, kwa nia ya kubana matumizi.

Mtindo aliouchagua ulikuwa wa Kigiriki, kama walivyofanya Wamarekani wengi wa wakati ule. Wagiriki walikuwa wametoka kupigana vita vya kujikomboa kutoka kwa Waturuki, vita vilivyoanza 1821, na magazeti ya Marekani yalikuwa yamejaa habari zao. Tena Athens ya kale ilisifiwa kuwa mama wa utawala wa wananchi. Benki ikajengwa kama hekalu la Kigiriki, kanisa vivyo hivyo, hata nyumba ya mwenye shamba la pamba. Kilichonyamaziwa ni kwamba Athens hiyo ya kale nayo iliendeshwa kwa jasho la watumwa. Kwa hiyo anayesema kwamba nguzo za Kigiriki hazikustahili kusimama juu ya mnada wa watu amezisoma nusu tu.

Nguzo zilizotumika ni za mtindo wa Doriki, zile za hekalu la Parthenon. Ni nguzo ngumu. Aina nyingine za Kigiriki zina vichwa vilivyopinda kama pembe za kondoo au kuchongwa majani. Nguzo ya Doriki ina kichwa cha jiwe la duara, juu yake jiwe la mraba, basi. Inabeba mzigo na haina maneno. Juu ya nguzo hupita boriti nzito, na juu ya boriti paa hukutana kwa mbele na kufanya pembetatu pana. Nafasi iliyo baina ya nguzo na mlango, penye kivuli, ndipo watu walipongojea.

Wasanifu wana majina yao ya Kizungu kwa nafasi hiyo. Mtu wa pwani yetu angeiita baraza, na angekuwa amesema zaidi ya alivyokusudia. Baraza ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba ambapo mgeni hupokewa kabla hajakaribishwa ndani, ambapo wazee huketi jioni na dalali huweza kupita na bidhaa yake. Na baraza ni kikao chenyewe: cha wazee, cha mawaziri, cha mashauri. Pale St. Louis maana hizo mbili zilikutana kwenye ngazi zilezile. Aliyekuwa na kesi alilivuka baraza kwenda barazani. Mtu wa mirathi aliishia hapo nje, naye hakuwa mgeni wala mzee, alikuwa bidhaa.

Ukumbi wa duara na mkono wa magharibi vilikuwa tayari kufikia 1845. Ukumbi ule uligeuka sebule ya mji. Haukuwa na mwenyewe; ulikuwa njia ya kupita kutoka mkono hadi mkono, na palipo na njia ya watu wengi hapakosi mkutano. Mwezi Oktoba 1849 Seneta Thomas Hart Benton alisimama pale kuhimiza reli ijengwe hadi bahari ya Pasifiki. Mikutano ya siasa, ya vita na ya sherehe ilifanyika hapo, na watu walizijaza roshani zinazouzunguka ukumbi ghorofa juu ya ghorofa, wakichungulia chini kama watu wa mtaani wanavyochungulia ngoma kutoka madirishani.

Muda mfupi baada ya ukumbi kufunguliwa waliingia mtu na mkewe. Dred Scott alikuwa mtumwa wa daktari wa jeshi, John Emerson, ambaye alihamishwa kutoka kambi hadi kambi na kumchukua Scott kila alikokwenda. Alimpeleka Illinois, jimbo ambalo sheria yake ilikataza utumwa. Kisha akampeleka kwenye ngome ya Snelling, iliyo katika Minnesota ya leo, ambako utumwa ulikatazwa na sheria ya Bunge la Marekani. Huko Snelling Scott alimwoa Harriet Robinson. Daktari alikufa 1843, na mjane wake, Irene Emerson, akawa ndiye mwenye kuwamiliki.

Tarehe 6 Aprili 1846 wawili hao walifungua mashauri yao, kila mmoja lake. Hawakujua kuandika, karatasi zina majina yao na alama ya X katikati ya jina. Ukiisoma karatasi ya Scott bila kujua sheria ya Missouri utashangaa, maana haisemi “nataka uhuru” kwa namna tunayoitarajia. Ni shauri la kupigwa na kufungiwa. Mdai alisema: fulani amenipiga, amenifungia, na mimi ni mtu huru, anilipe fidia. Scott alidai dola 10. Mdaiwa alitarajiwa kujibu: huyu ni mtumwa wangu, na sheria inaniruhusu. Hapo ndipo wazee wa baraza waliposhika swali lenyewe: huyu ni mtu huru au si huru? Na hao wazee wa baraza msiwafananishe na wale wa mahakama zetu ambao kazi yao ni kumshauri jaji. Hawa walikuwa 12, na neno lao ndilo lililokuwa hukumu. Wote walikuwa wanaume weupe.

Sheria ilikuwa upande wa akina Scott. Tangu 1824 Mahakama Kuu ya Missouri ilikuwa imeamua, katika shauri la mama mmoja aitwaye Winny, kwamba mtumwa akipelekwa na bwana wake kukaa katika nchi ya uhuru amekuwa huru, na akirudishwa Missouri hawi mtumwa tena. Huru mara moja, huru daima: ndivyo kanuni hiyo ilivyofupishwa. Mwaka huohuo sheria ya jimbo iliwaruhusu wadai wa namna hiyo kushitaki kama watu maskini na kupewa wakili. Mnamo Februari 1844, miaka miwili kabla ya akina Scott, msichana Lucy Berry alishinda shauri lake katika mahakama hiyohiyo ya mzunguko. Baadaye, akiitwa Lucy Delaney, aliandika kitabu cha maisha yake.

Msomaji wa Unguja ana cha kulinganisha hapa. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 1897 haikuwaachia watumwa wote siku moja. Mwenye kutaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuudai, na bwana aliyethibitika kummiliki kihalali alilipwa fidia. Kule pia njia ya uhuru ilipitia mbele ya meza ya karani. Tofauti ni kwamba Unguja ya 1897 aliyeomba alitarajiwa kupewa. St. Louis ya 1846 mdai alitakiwa athibitishe.

Na uthibitisho ndio uliowakwamisha. Shauri lilisikilizwa tarehe 30 Juni 1847 katika chumba cha ghorofa ya chini, mkono wa magharibi. Ilibidi kuonyesha tu kwamba Bi Emerson ndiye aliyekuwa akimmiliki Scott. Shahidi Samuel Russell alisimama kusema kwamba alimkodi Scott kwa Bi Emerson. Alipohojiwa na upande wa pili akakiri kwamba mipango yote ilifanywa na mke wake. Yeye alitoa fedha tu, na mengine aliyasikia nyumbani. Ushahidi wa kuambiwa haupokelewi. Scott akashindwa, na matokeo yake yakawa kichekesho cha kisheria: mwanamke ameachiwa mtumwa wake kwa sababu haikuthibitika kwamba ni mtumwa wake.

Jaji Alexander Hamilton alikubali shauri lisikilizwe upya. Kisha ikaja rufaa, halafu mwaka 1849, mwaka wa balaa: Mei moto ulioanzia kwenye meli uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na kipindupindu kikaua maelfu. Wakati wote huo afisa wa mahakama aliwakodisha akina Scott kwa watu, na mshahara wao ukawekwa akiba hadi ijulikane nani mwenye haki nao. Januari 1850, katika mahakama hiyohiyo, wazee wa baraza waliamua kwamba Dred Scott ni mtu huru.

Alikuwa huru kwa miaka miwili na ushei, kwenye karatasi. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Missouri iliitangua hukumu na kuitupa kanuni yake yenyewe ya miaka 28, ikisema wazi kwamba nyakati si zile tena. Shauri likahamia mahakama za shirikisho, na tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, akiungwa mkono na wenzake sita dhidi ya wawili, aliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo mapya. Hukumu hiyo ilisomwa Washington, mbali na jengo letu, na wengi wameiandika. Mimi narudi St. Louis, kwenye chumba.

Chumba kile hakipo. Miaka ya katikati ya rufaa zote hizo, mafundi waligundua kwamba sakafu ya chumba cha mahakama cha juu yake inabonyea. Mkono wa magharibi ulikuwa umejengwa na vyumba vipana mno, ghorofa juu ya ghorofa, bila ukuta wa katikati wa kubeba uzito. Mwaka 1855 wakakata shauri: chumba cha chini kikagawanywa, zikapandishwa kuta mbili za kuishikilia sakafu ya juu, na baina ya kuta hizo pakabaki korido. Akina Scott bado walikuwa wakisubiri kesi yao ifike Washington. Pahala waliposhinda palikuwa tayari pamegeuzwa njia ya kupita.

Ubomoaji mwingine ulikuwa wa makusudi zaidi. Robert Mitchell, aliyeshika usanifu 1851, aliona ile nyumba ya matofali ya 1828 haiwezi kulingana na mikono mingine. Ikavunjwa, na mkono mpya wa mashariki ukajengwa mahali pake kati ya 1852 na 1856, wenye nguzo za Doriki zinazotazama mtoni. Mikono ya kaskazini na kusini ikafuata. Laveille na Morton walifutika hivyo. Kilichobaki cha kazi ya Laveille pale ni majina ya mitaa ya kando.

Likabaki kuba. La Singleton lilikuwa dogo, na juu ya jengo lililotanuka kiasi kile lilionekana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. William Rumbold ndiye aliyepewa kazi ya kuliondoa. Yeye aliacha Ugiriki akaelekea Roma: akachukua umbo la kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro, lile la Michelangelo, likiwa na shingo ndefu yenye madirisha na nguzo, kisha tumbo la yai, kisha taa juu kabisa. Hapo jengo la Kigiriki likapata kichwa cha Kiitaliano, na wenye kushika vitabu vya mitindo mpaka leo hulikunjia uso. Mimi naliona limependeza. Baraza lile la Doriki, pana na fupi, lilihitaji kitu cha kulinyanyua.

Ugumu ulikuwa uzito. Kuba la mawe la umbo lile lingezilaza kuta za ukumbi. Rumbold akatumia chuma, mbavu kwa mbavu, chepesi kuliko jiwe na chenye kujibeba. Wapo waliotilia shaka, wakahofia kuta za zamani. Akajenga mfano mdogo, akaurundikia mizigo ya chuma mbele ya wenye shaka, na mfano ukasimama. Kuba la jengo la Bunge mjini Washington lilikuwa likijengwa miaka hiyohiyo, nalo la chuma, nalo likiiga makuba makubwa ya Ulaya. La St. Louis lilimalizika mapema zaidi, 1862, vita vikiwa vimeshapamba moto. Hadi 1894, mnara wa stesheni ya reli ulipokamilika, hapakuwa na jengo la kuingiwa na watu lililolizidi urefu katika jimbo zima la Missouri.

Ukisimama katikati ya ukumbi leo na kuinua uso, macho hupanda kwa vituo. Kwanza roshani ya kwanza na nguzo zake, kisha ya pili, kisha nyingine, kila moja ikirudi ndani kidogo, mpaka kwenye mduara wa mwisho ambapo mwanga huingia kutoka juu na kushuka ukutani. Huko juu pana michoro minne ya nusu duara ya Carl Wimar, mzaliwa wa Ujerumani aliyeletwa St. Louis utotoni. Amechora mambo manne: Mhispania De Soto akiufikia mto Mississippi 1541, Laclède akifika kuanzisha mji, shambulio la 1780, na njia ya Cochetopa milimani kuelekea magharibi. Wimar alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na alikufa mwaka uleule wa 1862. Michoro ni ya watu wanaokwenda mahali. Hakuna hata mmoja unaoonyesha kesi.

Dred Scott hakuliona kuba hilo likimalizika. Baada ya hukumu ya Taney, Bi Emerson, ambaye alikuwa ameolewa tena na mbunge mpinga utumwa wa Massachusetts, alilazimika kumhamishia Scott kwa Taylor Blow, mtoto wa bwana wake wa kwanza, kwa kuwa sheria ilimtaka mkazi wa Missouri ndiye amwachie huru. Tarehe 26 Mei 1857 Blow aliwaachia Dred, Harriet na binti zao Eliza na Lizzie, mbele ya mahakama ileile ya St. Louis. Scott aliishi huru mwaka mmoja na karibu miezi minne. Alifariki Septemba 1858. Mwezi Machi 1859 mtu mwingine aliingia katika mahakama hiyo na kuandikisha hati ya uhuru ya William Jones. Alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyeshindwa ukulima na asiye na fedha, ambaye angeweza kumuuza Jones kwa bei nzuri. Jina lake Ulysses Grant. Miaka kumi baadaye aliapishwa kuwa Rais.

Kutoka hapo historia ya jengo inakwenda haraka, na sehemu yake kubwa ni ya kawaida: kesi za watu, karani kwa karani. Louis Brandeis, jaji wa baadaye wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliandikishwa uwakili hapo 1878. Shauri moja lastahili kusimama kidogo. Mwezi Oktoba 1872 Virginia Minor alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alitaka kumshtaki mwandikishaji, ila mke wa mtu hakuruhusiwa kushtaki peke yake, basi mumewe Francis, wakili, akashtaki pamoja naye. Alishindwa pale, akashindwa Mahakama Kuu ya jimbo, na 1875 akashindwa Washington kwa sauti moja ya majaji wote. Wanawake wa Marekani walisubiri hadi 1920.

Mwaka 1876 mji wa St. Louis na kaunti yake walitalikiana, kila mmoja akawa na serikali yake, na mahakama ikabaki na mji. Huo ulikuwa ufa wa kwanza katika sharti la Chouteau na Lucas, walioitoa ardhi kwa mahakama ya kaunti. Ufa wa pili ulikuja 1930, mahakama zilipohamia jengo jipya la ghorofa nyingi. Wenye kupenda vichekesho vya usanifu wakalitazame jengo hilo: juu kabisa ya ghorofa zake limetwikwa hekalu la Kigiriki, lililoigwa kaburi la kale la Halicarnassus. Walizikimbia nguzo za chini wakaenda kuzipandisha angani.

Jengo kongwe likabaki tupu. Ndipo vizazi vya Chouteau na Lucas walipokuja mahakamani na karatasi ya 1816: babu zetu waliandika milele, mahakama imehama, turudishieni kiwanja. Walishindwa. Mwaka 1935 wapiga kura wa mji waliidhinisha mkopo wa kusafisha eneo lote la mtoni kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa, na karibu vitalu 40 vya majengo vikavunjwa: maghala ya ngozi na manyoya, nyumba za chuma, maduka ya zama za meli za mvuke. Mahakama ilinusurika na 1940 ikakabidhiwa serikali ya shirikisho. Jengo lililovunjwavunjwa tangu kuzaliwa kwake likaachwa limesimama peke yake, na ujirani wake wote umefutwa.

Nafasi ile tupu ilijazwa 1965 na Tao la Eero Saarinen, la chuma kisichoshika kutu, mita 192. Limepangwa sambamba na mahakama, hata anayetoka mlango wa mashariki huliona mbele yake likiwa limefungua miguu. Ukipiga picha kutoka upande wa pili, kuba la Rumbold hukaa katikati ya Tao kama yai kwenye kishikio. Kadi nyingi za posta za St. Louis ni picha hiyo. Upande wa kusini wa jengo, tangu Juni 2012, zimesimama sanamu za shaba za Dred na Harriet, kazi ya Harry Weber.

Wageni wengi hupiga picha na sanamu, hupanda ngazi za mashariki, huingia ukumbini na kuinua uso kwanza. Baadaye huuliza chumba cha Dred Scott kiko wapi. Huelekezwa mkono wa magharibi, ghorofa ya chini. Wanapita baina ya kuta mbili za 1855, mlango kushoto, mlango kulia, na kufika mwisho wa korido wakiwa bado wanakitafuta.